Nyumba ya Agatha Christie kando ya Mto Dart: nenda, ila nenda kwa boti

Mkuu, umeuliza kama ukiwa Exeter kimasomo inafaa kutumia Jumamosi nzima, na nauli, kwenda kuiona nyumba ya Agatha Christie, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, au ni jumba la zamani la Waingereza kama mengine tu. Inafaa. Nilikwenda nikiwa kule kwa kozi ya miezi mitatu, na mpaka leo nikiwa kwenye pantoni la Kigamboni huwa naikumbuka siku ile.

Nyumba inaitwa Greenway, iko Devon, juu ya kilima kinachoshukia Mto Dart. Usiende kwa gari. Panda treni hadi Paignton, shuka hapo, panda treni ile ya zamani ya mvuke hadi Kingswear, vuka kwenda Dartmouth, halafu chukua boti inayopanda mto hadi gati la Greenway. Ni mzunguko, lakini utaiona nyumba ikijitokeza nyeupe juu ya miti. Agatha aliijua tangu akiwa mdogo, mama yake akiisifu kuwa hakuna iliyo nzuri kuishinda kando ya Dart yote. Mwaka 1938 ikauzwa, akainunua kwa pauni 6,000 pamoja na ekari 33.

Mto pale ni kama mkono wa bahari, maji yanajaa na kupwa kama kwetu Magogoni. Ng'ambo kuna kijiji cha Dittisham, na anayetaka kuvushwa hupiga kengele, mwenye boti akamfuata. Nilikaa gatini muda mrefu kuisikiliza tu.

Kosa langu lilikuwa kuanza na nyumba. Nilipofika kwenye banda la boti chini mtoni, zilikuwa zimebaki dakika kumi boti yangu iondoke. Wewe anza huko huko chini. Ndani ya banda kuna bwawa la kuogea ambalo maji ya mto huingia yanapojaa, na juu yake chumba chenye roshani. Katika kitabu chake Dead Man's Folly cha mwaka 1956, ambamo Greenway imepewa jina la Nasse House, ni ndani ya banda hilo binti mmoja anakutwa amekufa. Kisome kabla hujaenda, tafadhali. Mimi nilikisoma kidato cha nne, nakala ya mtumba isiyo na jalada niliyonunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara pale Posta, na miaka yote banda lile nililiona kichwani kama mabanda ya Feri: mabati, kelele, harufu ya samaki. Kumbe ni jengo la mawe, limetulia, na maji yanagonga chini yake taratibu. Nilisisimka mwili.

Nyumbani kwenyewe usitegemee kuona meza ya mwandishi na karatasi zake. Ilikuwa nyumba ya likizo, na jioni aliwasomea jamaa zake miswada mipya kwa sauti. Utakachokuta ni kofia, bakora, vitabu, vyombo vya kila aina, kama watu wametoka kidogo kwenda bustanini. Kuna piano aliyoionea haya kuipiga mbele za watu. Mumewe, Max Mallowan, alikuwa mwanaakiolojia aliyechimba Nimrud, Iraq, na huko Agatha alisafisha vipande vya pembe za ndovu kwa krimu yake ya uso.

Chumba cha kukaa sana ni maktaba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyumba ilichukuliwa, wakakaa maofisa wa Walinzi wa Pwani wa Marekani. Mmoja wao, Luteni Marshall Lee, alichora juu ya kuta safari yao nzima: Key West, Bermuda, Morocco, hadi miti ya Greenway yenyewe. Vita vilipokwisha walijitolea kuufuta mchoro huo, Agatha akakataa. (Vyoo 14 walivyojenga kwenye ujia wa jikoni, hivyo alidai viondolewe.)

Familia iliikabidhi Greenway kwa National Trust, shirika la Uingereza linalotunza majumba ya kale, mwaka 2000, na nyumba ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2009. Hapo ndipo roho iliniuma. Hapa Dar tuna Mtaa wa Shaaban Robert, wenye Makumbusho ya Taifa, tuna na shule yenye jina lake. Lakini miwani yake, kalamu yake, kiti alichokalia, mimi sijawahi kuonyeshwa, na ningevitazama kwa heshima ile ile niliyotazamia kofia za yule bibi.

Mengine ni madogo. Vaa viatu vya kutembelea, maana kutoka gatini ni mlima. Angalia ratiba ya boti usiku wa kuamkia safari, hasa ukienda miezi ya baridi. Unaondoka lini? Ile nakala yangu bado ninayo, nimeibandika jalada la kaki. Tukutane Posta nikupe uisome kwenye ndege.