Kazi ya kikundi: wawili wanafanya, wanane wanaandikisha majina

SWALI: Nafundisha ununuzi na ugavi, darasa la wanafunzi 120. Huwagawa kumi kumi ili nipunguze mzigo wa kusahihisha. Kila mara wawili wanafanya kazi, wengine majina yao yanaonekana kwenye jalada tu. Nifanyeje wasitegee? – Mhadhiri, Morogoro

JIBU: Mwalimu, anza na idadi. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha vipimo vya watu waliovuta kamba: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Wengine hawakuvuta kwa wakati mmoja, wengine walitegea. Weka watano watano, na uwapange mwenyewe. Wakichaguana, marafiki hufichiana.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, huwa kwenye swali. "Jadili hatua za ununuzi wa umma" linagawanyika: huyu hatua ya kwanza, yule ya pili, kisha mmoja anaunganisha vipande usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Hapo hakuna aliyeshirikiana na mwenzake. Wape zabuni tatu za madawati 200: A ni rahisi ila itachelewa kuleta, B ni ghali ila ina dhamana ndefu, C ni ya bei ya kati ila mzabuni hajawahi kufanya kazi ya ukubwa huo. Wachague mshindi na waeleze kwa nini wawili wameanguka. Uamuzi mmoja haukatiki vipande, itabidi wabishane.

Kabla ya kukutana, kila mwanafunzi akukabidhi nusu ukurasa wa uamuzi wake mwenyewe. Usipodai hilo, mwenye sauti kubwa ataamua na wanne wataitikia. Kisha wape dakika 50 darasani. Ukiwaachia wakutane jioni, wanaoishi mbali na wasio na bando ndio wa kwanza kuachwa. Mwisho vikundi vyote viinue kadi ya A, B au C kwa mpigo, wasiigane, ndipo waulizane sababu.

Kusahihisha kusikutishe: vikundi 24, ukurasa mmoja kila kimoja. Nusu kurasa zile zipe 0, 1 au 2, basi.

Tumia vikundi hivyohivyo mara tatu kwa muhula, na kila mara wapimane kwa siri. Kila mmoja ana pointi 40 za kugawia wenzake wanne, na sentensi moja ya sababu kwa kila mtu. Wakigawa sawa, kila mmoja hupokea jumla ya 40; aliyepokea 30 anapata robo tatu ya alama ya kikundi: kikundi kikipata 12, yeye 9. Aliyezidi 40 abaki na alama ya kikundi. Duru ya kwanza usiihesabu, ila mwonyeshe kila mtu pointi alizopewa, ili mtegaji apate muda wa kujirekebisha.

Wakipeana kumi kumi wote, usiwalazimishe kutofautiana. Huenda kweli walifanya sawa. Fungua nusu kurasa zao uone nani alikuja mikono mitupu.