Kutoka bendi kwenda solo: anza na karatasi, gitaa baadaye

Mdogo wangu uliyeuliza namna ya kuiacha bendi yenu hapo Mwanjelwa, Mbeya, uanze kutoa roki kwa jina lako: kabla hujaaga, kaeni wote mgawane nyimbo kwa maandishi. Kila wimbo na asilimia zake, nani katunga maneno, nani melodi, jumla 100, kila mtu asaini. Wimbo na rekodi ni haki mbili tofauti. Unaweza kuwa mtunzi na bado rekodi ikawa ya aliyeigharamia, kwa hiyo usiipakie upya bila ridhaa. Ukifanya hivyo ngoma inaweza kushushwa mtandaoni wakati ndiyo kwanza imeanza kushika. Kisha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kujisajili wewe, COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kusajili kazi.

Jukwaani watatu wanatosha: wewe gitaa na sauti, besi, dramu. Fanyeni mazoezi na metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo), maana watu wapya hukimbiza tempo, hasa kwenye kiitikio.

Studio, weka distoshani (mkwaruzo wa sauti ya gitaa) chini ya ile unayotumia ukumbini, la sivyo kodi (chords) zinakuwa uji. Halafu ipige na kuirekodi ridhimu ileile ya gitaa mara mbili, moja spika ya kushoto, moja ya kulia. Kunakili traki moja hakusaidii, inabaki palepale katikati.

Na hii baridi yetu ya Juni na Julai (wa Dar hawaijui): gitaa likishuka kwenye bodaboda likaingia ukumbi wenye joto, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Liache kama dakika 20 ndipo ulityuni.