Mdogo wangu wa Nzuguni, hesabu ziko hivi

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiosha vyombo. Unasema umechoka na ofisi ya Mtumba, hapo Dodoma, unataka uache kazi uje Uingereza "ufanye kama dada": mchana kazi, jioni chuo cha biashara, halafu wifi na mtoto wakufuate. Umeiona picha yangu ya joho na umeipenda. Nashukuru. Ile picha ilipigwa dakika mbili, na siku hiyo nilikuwa nimetoka shifti ya usiku.

Nianze na makaratasi, maana mpango wako unakatikia hapo. Nilipoanza chuo mwaka 2018 tayari nilikuwa na ukaazi wa kudumu, kwa hiyo hakuna aliyenipangia saa za kazi. Wewe ukija kwa viza ya mwanafunzi, muhula ukiwa unaendelea mwisho wako ni saa 20 za kazi kwa wiki, na lazima uwe unasoma muda wote. Digrii ya kwanza ya kusoma nusu muda (part-time) kama yangu haipewi kabisa viza hiyo. Na tangu Januari 2024, anayekuja kusoma masters ya darasani haleti mke wala mtoto. Kwa viza ya kazi unaweza kusoma pembeni, lakini umpate kwanza mwajiri wa kukudhamini, na mara nyingi chuo kitakutoza ada ya mgeni. Huyo rafiki yako anayekwambia "njoo tu, utajipanga huku huku", mwulize utalala kwake miezi mingapi.

Sasa saa. Digrii ya kwanza huku ni krediti 360, na kila krediti wanaihesabu kuwa saa 10 za kusoma. Mimi nilichukua 60 kwa mwaka, ndiyo maana nikatumia miaka sita. Krediti 60 ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki za masomo unapata kama saa 17 au 18 kila wiki, juu ya saa 40 za kazi ghalani. Nilikuwa nabeba boksi, mdogo wangu, boksi zenyewe, siyo msemo. Ghalani huibi hata dakika, maana unalipwa kwa saa na mashine inahesabu ulichobeba. Kwa hiyo nilikopa kwenye usingizi. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, najifunga khanga mbili kwa baridi, nasoma mezani jikoni mpaka watoto waamke.

Watoto ndio jambo ambalo watu wa nyumbani hamlioni. Hapo Nzuguni mtoto akichemka usiku wa kuamkia mtihani, mama anatoka Kikuyu na bajaji, na asipokuja yeye kuna jirani. Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka minne na wa mwaka mmoja, na mtu mzima mwingine ni shemeji yako tu, naye ni dereva wa basi mwenye shifti zake. Chekechea ikifunga saa kumi na mbili jioni imefunga, ukichelewa unalipia. Mtoto akipata joto kidogo unapigiwa simu umchukue, na mshahara wa siku hiyo umeondoka. Mwaka wa pili nilifeli uhasibu kwa namna hiyo, mnavyoita kukamata sapu. Siyo kwamba sikuelewa. Wiki ya mtihani wote wawili walikuwa na tetekuwanga.

Mwaka wa nne mimi na shemeji yako tulikuwa tunaishi kama walinzi wa lindo moja: anaingia, natoka, tunapokezana funguo na mtoto. Tuligombana vibaya sana, na sitakusimulia yote. Alisema, "Hiyo digrii tunaisoma wawili, lakini jina litaandikwa moja." Sikuwa na jibu.

Na hela. Nyumba ya mama ilichelewa kuezekwa miaka miwili. Najua yaliyosemwa, kwamba dada kalewa Ulaya kasahau kwao. Ukweli ni kwamba nilikataa shifti za Jumamosi ili nisome, na pesa za Jumamosi ndizo zilizokuwa bati za mama. Ada niliikopa serikali ya huku, mkopo ambao wewe kama mgeni huupati. Wananikata asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango walichoweka. Bodi yenu ya mikopo inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, unaijua mwenyewe.

Raha ilikuwepo, nisikudanganye. Kuna kazi ya chuo tuliyopewa kuhusu mtaji wa kuendeshea biashara, nikaandika juu ya mjomba na zabibu zake za Mpunguzi. Mwalimu akauliza pembeni mwa karatasi: kwa nini hasubiri bei ipande? Nikacheka peke yangu jikoni. Zabibu iliyoiva kwenye jua la Dodoma isubiri nini, na wapi, bila chumba cha baridi? Nikamweleza kwamba mwenye pipa la kuhifadhia mchuzi, yaani juisi ya zabibu ya kutengenezea mvinyo, ndiye anayepanga bei, siyo mwenye shamba. Ndiyo alama kubwa kuliko zote nilizopata.

Baada ya joho nilituma maombi ya kazi kama 40. Niliitwa usaili mara tatu. Mwishowe nikapata nafasi ofisi ya manunuzi, ghala lile lile, ghorofa ya juu. Mshahara umepanda, mgongo umepona. Ofisi haikuniuliza hata siku moja kama nilisoma mchana au jioni, wala wapi.

Ndiyo maana nakwambia usiandike barua ya kuacha kazi. Chuo Kikuu Huria kimeanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, na kituo chake kipo hapo Dodoma. CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, ipo mjini, kaulizie ratiba ya jioni. Ningekuwa na mama wa kumwachia watoto umbali wa bajaji, nisingevuka bahari kwa digrii ya biashara.

Jumapili nitakupigia, saa nne usiku kwenu, huku itakuwa saa moja. Wifi naye awepo, asikie mwenyewe. Sitaki kuzungumza nawe peke yako.