Herufi Nne Hazimtoshi Devi

SWALI: Salamu nyingi Mwalimu. Niko Gredi ya 9, naishi Umoja. Mimi na dada yangu tumemaliza kutazama Never Have I Ever kwenye simu yake, misimu yote minne, na sasa tumekosana kuhusu Devi. Dada, ambaye yuko chuo kikuu, anasema Devi, kwa herufi za mtihani wa tabia wa Myers-Briggs, ni ENTJ kwa sababu ana mpango wa kwenda Princeton na lazima aongoze darasani. Mimi nasema ni ENFP, maana yule msichana hutenda kwanza, kufikiri baadaye. Nani ana haki? Tena, nilifanya huo mtihani wa tabia Januari nikapata E, yaani mtu wa kuchangamkia watu. Mei, wiki mbili baada ya kutoka matanga ya babu kule Vihiga, niliurudia nikapata I, yaani mtu wa kupenda utulivu wake. Dada anasema mara moja kati ya hizo nilidanganya. Nauliza kwa sababu huu ni mwaka wa kuchagua mkondo wa sekondari pevu na anataka nifuate herufi zangu.
Msomaji, Umoja

JIBU: Binti yangu, kwanza pole kwa kumpoteza babu. Umeutaja msiba huo kwa maneno machache katikati ya mabishano ya Devi, lakini ndio niliousoma mara tatu. Nitaurudia.

Kwa wasomaji ambao hawajamtazama, Devi Vishwakumar ni msichana wa shule ya upili mwenye asili ya Kihindi, anayeishi Sherman Oaks, Los Angeles, katika tamthilia ya Netflix iliyotoka kati ya 2020 na 2023. Babake, Mohan, alianguka na kufariki ukumbini shuleni, Devi akiwa jukwaani anapiga kinubi. Baada ya hapo miguu yake ikakataa kumbeba kwa miezi, na madaktari hawakuona ugonjwa.

Herufi hizo huenda kwa jozi: E au I ulizozitaja; N hutazama yanayowezekana, S yaliyopo; T huamua kwa hoja, F kwa moyo; J hupanga mapema, P huenda na hali. E na N hamzibishanii, nami sizibishi. Devi hana uwezo wa kukaa na jambo mpaka lipoe. Lazima alikimbize kwa rafiki zake Eleanor na Fabiola. Ugomvi wenu uko kwanza kwenye T na F, na hapo dada yako ametazama alama za darasani, wewe umetazama mwenendo. Herufi hizo haziulizi kama mtu ana akili. Zinauliza anachoshika anapofika njia panda. Msimu wa pili Devi anawachukua wavulana wawili, Ben na Paxton, kwa wakati mmoja, jambo ambalo mtu wa kupiga hesabu angeona mwisho wake siku ya kwanza. Kisha anakuja Aneesa, Mhindi mwenzake, mchangamfu, anayependwa na kila mtu, na Devi kwa hofu ya kufunikwa anazusha uvumi kuhusu afya ya mwenzake. Huo ni moyo uliotishika. F nampa bila kusita. J ya dada ina uzito kidogo, kwa ajili ya Princeton, ila mpango wa Devi unaishia kwenye vitabu, na maisha mengine yote humkuta hajajiandaa. Basi umeshinda, ingawa kwa nywele.

Ila ushindi huo usiupeleke kwenye fomu ya mkondo. Mtihani huo ulibuniwa na Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wamesomea saikolojia. Walijenga juu ya mawazo ya Carl Jung katika kitabu chake cha 1921. Jozi nne za herufi zikawapa aina 16 za watu. Nawaheshimu kwa kutaka watu waelewane. Taabu ni kwamba watu wengi wako karibu na katikati, na mstari umechorwa pale pale katikati. Ukijibu maswali mawili matatu tofauti na jana, unavuka. Watafiti wamekuta watu wengi wakirudia mtihani huo baada ya wiki chache wanapata angalau herufi moja mpya. Kwa hiyo hukudanganya Januari, wala hukudanganya Mei.

Watafiti wa tabia siku hizi hutegemea zaidi vipimo vitano vinavyoonyesha kiwango badala ya kumtia mtu kwenye kisanduku. Kimoja kati ya hivyo hupima wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, huzuni na hasira. Katika herufi nne za Myers hakina nafasi. Sasa mwondolee Devi hasira na huzuni uone kinachobaki! Msimulizi wa hadithi yake ni John McEnroe, mcheza tenisi aliyejulikana dunia nzima kwa kuwafokea marefa, mtu ambaye Mohan alimpenda. Waandishi walitaka tuisikie hasira hiyo karibu kila kipindi, na tujue imetoka wapi. Mamake, Nalini, daktari wa ngozi, ungempa T na J kabla ya chai kupoa, kwa ukali wake. Yeye naye ni mjane anayelala peke yake.

Nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule za wasichana hapa Nairobi kwa miaka 22, na kosa hili nililitenda mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha 2 aliyekuja muhula wa pili akiwa kimya. Kwenye ripoti yake nikaandika, "Msichana mtulivu, mwenye haya." Mpaka Novemba ndipo nilipojua kwamba mamake alizikwa likizo ya Aprili. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa kwaya. Niliandika tabia mahali ambapo palikuwa na kilio, na bado naiona ripoti ile kwa mwandiko wangu.

I yako ya Mei naisoma hivyo. Msichana aliyetoka matanga anapoulizwa kama anapenda sherehe, atajibu nini?

Kuhusu mkondo, kama ni sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, keti na mwalimu wako wa darasa mkiwa na alama zako za tangu Gredi ya 7, na mwambie kazi unayoifanya bila kusukumwa. Dada yako anakupenda, ndiyo maana anahangaika. Mwombe aje nawe siku hiyo.

Kisha rudieni, ninyi wawili, kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza, pale Devi na mamake wanapomwaga majivu ya Mohan baharini Malibu. Mkimaliza zimeni simu. Halafu niandikie tena, barua ndefu, unieleze babu alikuwa mtu wa namna gani.