Ujenzi umeshamiri, mbona biashara hazirudi?

Swali: Ni mwaka mmoja na nusu tangu mafuriko yatupitie. Barabara zimetengenezwa, majengo yanapanda, na tunaambiwa uchumi wa eneo letu umekua. Lakini wenzangu wengi wenye maduka hawajafungua, na sisi tuliofungua tunauza kidogo mno. Je, takwimu zinadanganya? Tuanzie wapi?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Takwimu hazidanganyi, ila zinajibu swali jingine. Pato la eneo hupima kinachozalishwa katika kipindi fulani; halipimi mali iliyokuwapo ikapotea. Nyumba iliyosombwa haitolewi kwenye hesabu hiyo, lakini kazi yote ya kuijenga upya huingia. Ndiyo maana watu waliofukarika wanaweza kujikuta ndani ya uchumi unaoitwa unakua. Na kama mkandarasi ametoka mbali na mafundi wake na vifaa vyake, fedha za mkataba hupita kwenu bila kulala hata usiku mmoja.

Sasa tutazame duka lenyewe. Wengi hudhani limekufa kwa sababu ukuta umeanguka, kumbe mara nyingi ukuta ndio hasara ndogo. Mwenye duka alichukua bidhaa kwa mali kauli. Maji yamebeba bidhaa, deni la muuza jumla limebaki palepale. Daftari la aliowakopesha limelowa, wino umesambaa, na hata jina likisomeka, mwenye jina amehamia kwa ndugu zake. Mjengee ukuta mpya leo, kesho atakaa ndani yake akitazama rafu tupu. Anachokosa ni mtaji wa kuzungushia, na wateja.

Hili limepimwa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, wachumi Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walifuatilia biashara ndogo nchini Sri Lanka, wakatoa ruzuku za fedha taslimu kwa baadhi yake, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Ruzuku zilisaidia zaidi wauzaji wa rejareja kuliko wazalishaji na watoa huduma. Waliona pia kwamba misaada iliyofika majumbani ililingana kwa kiasi na vyombo vya nyumbani vilivyopotea, lakini haikulingana kabisa na mali ya biashara iliyopotea. Zaidi ya miaka mitatu baadaye, biashara zilizoathirika zilikuwa bado nyuma ya zile zilizosalimika. Kwa hiyo mwaka mmoja na nusu wenu si uzembe wa mtu.

Linalonitia hofu zaidi ni wateja, kwa sababu hawasubiri. Bandari ya Kobe, Japani, ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za makontena duniani kabla ya tetemeko la Januari 17, 1995. Ilikarabatiwa ndani ya takriban miaka miwili, kazi ya kusifiwa. Lakini meli zilikwisha kuzoea bandari nyingine, ikiwamo Busan ya Korea Kusini, na Kobe haikurudi kwenye nafasi yake. Mnunuzi wa kawaida naye ni hivyohivyo: akizoea njia nyingine, kumrudisha ni kazi.

Christchurch, New Zealand, walilitambua hilo. Tetemeko la Februari 22, 2011 lilibomoa katikati ya mji, na sehemu kubwa ikazungushiwa uzio. Oktoba mwaka huohuo, maduka yalifunguliwa hapo katikati ndani ya makontena yaliyopakwa rangi, huku ubomoaji ukiendelea jirani. Hawakungoja majengo ya kudumu.

Kwa hiyo anzeni na wauza jumla, tena mwende kwa pamoja. Ombeni deni la zamani ligandishwe na mzigo mpya utolewe kidogokidogo. Nao wanahitaji maduka yenu yaishi ili walipwe. Msikimbilie mkopo wa kulipia deni la bidhaa zilizosombwa, maana mtabeba madeni mawili na rafu bado tupu. Kwa halmashauri, dai la kwanza liwe vibarua wa ujenzi waajiriwe kutoka miongoni mwenu na walipwe kila wiki, kwa kuwa kibarua huyo ndiye mteja wenu wa Jumamosi. La pili, wawapeni eneo moja la muda la kuuzia, mkae pamoja. Duka moja lililo wazi kwenye mtaa uliofungwa halivuti mtu. Kumi yakikaa pamoja, mtu hufunga safari.