Zeus hakuumba ulimwengu
Wapo wanaodhani kwamba Zeus, mfalme wa miungu ya Wagiriki wa kale, ndiye aliyeumba ulimwengu. Hapana, kumweka mahali pa Mungu Muumba wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu ni kumpa cheo ambacho washairi wa Kigiriki hawakumpa. Katika Theogonia, utenzi wa Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, kilichotokea kwanza ni Kaos, yaani pengo tupu, kisha Gaia, yaani Dunia. Zeus ni mjukuu wa Gaia, aliyetwaa utawala kwa kumpindua baba yake, Kronos. Tena katika kitabu cha 16 cha Iliadi, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, Zeus anatamani kumwokoa vitani mwanawe Sarpedon, mkewe Hera anamkumbusha kwamba huyo ameshapangiwa kufa na majaliwa, naye Zeus anakubali na kudondosha matone ya damu ardhini kwa heshima ya mwanawe. Hata hivyo, wanafalsafa wa kundi lililoitwa Wastoa baadaye walilitumia jina lake kwa maana ya akili inayoongoza ulimwengu wote.