Mlinzi wa usiku, sukari inapanda

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mlinzi, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Saa 8 usiku nakula ugali wa maana na maharage, asubuhi nalala masaa 4 hivi maana watoto na kelele za mtaa. Nimepima sukari kabla ya kula ikasoma 6.4, wakaniambia inaelekea kubaya. Na soda sinywi! Shida nini?

JIBU: Marahaba kaka. Kwanza hicho kipimo, ulipima saa ngapi? Maana kama ulikula saa 8 usiku ukapima saa 2 asubuhi hayo ni masaa 6, na inatakiwa usile angalau masaa 8, kwahiyo rudia kwanza.

Ila usiku kongosho linakua zito kutoa insulini, ile homoni ya kushusha sukari, sahani ileile ya ugali ukiila usiku sukari inapanda zaidi na kukaa juu muda mrefu kuliko ungeila mchana. Halafu hayo masaa 4 ndo yanamaliza kabisa, 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 11 wazima kabisa masaa 4 kwa usiku 6 tu, na miili yao ikaanza kushindwa kushusha sukari vizuri. Vijana hao!

Basi kula ugali wako kabla ya kuingia lindo, usiku shikilia kitu kidogo, yai au karanga na maji. Asubuhi weka pazia zito, simu zima, watoto waambiwe baba analala. Ufike masaa 7, hata kwa awamu mbili.